Nilivyowavua Watu Viatu Kwenye Maonyesho ya Bunduki

Jamani, leo nimeaibika. Nimeaibika mbele ya bunduki zisizohesabika, wafanyabiashara wa kila rangi na mlinzi mmoja mwenye filimbi. Nimekaa kwenye kibanda cha intaneti hapa Guangzhou, na nimeona bora mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjazipata habari kwa wengine. Maana zitafika. Habari za Waswahili wa huku zina mbio kuliko meli.

Tuanze na usingizi. Jana sikulala. Kilichoninyima usingizi ni swali moja tu: bunduki ni rahisi zaidi kwenye maonyesho, au dukani?

(Tulieni. Bunduki za watoto. Za plastiki. Msimpigie mama yangu simu.)

Mnajua Idi ya kwetu. Mtoto akishavaa nguo mpya, akishakula pilau, akishapita nyumba hadi nyumba kukusanya pesa yake ya sikukuu, anakwenda viwanjani. Na kitu cha kwanza anachonunua ni bunduki. Si mpira, si gari. Bunduki, tena inayolia. Mimi mwenyewe nilikuwa nayo, ya bluu, na nilimlenga kila mtu aliyeingia uani kwetu mpaka bibi akaificha ndani ya sufuria. Bila mlio wa bunduki mtaani, mtu anaweza kudhani mwezi haukuonekana.

Sasa, aliyenileta huku ni mama yangu mdogo, Mamdogo Zuhura, yule mwenye duka la nguo Kariakoo. Alichoka kuniona nyumbani na shahada yangu, nikiandika barua za kuomba kazi na kuzirekebisha mpaka nafasi zenyewe zinajazwa. Yeye mambo yake ni nguo. Kutwa yuko soko la Shahe anavuta mashati. Lakini safari hii amenipa kona ya kontena lake. Kona yangu mwenyewe!

"Jaza bunduki za Idi," aliniambia. "Chagua mwenyewe, nunua mwenyewe. Zikienda, safari ijayo tunakuja kama washirika. Zikibaki stoo, mwanangu, utarudi kwenye barua zako, na mimi sitakuita tena."

Na kontena linafungwa leo jioni. Mzigo ukikosa meli hii, bunduki zitatua Dar Idi imeshapita. Na bunduki ya Idi baada ya Idi ni kama kalenda ya mwaka jana: unaweza kumpa mtu bure na asishukuru.

Kwa hiyo mnaelewa kwa nini sikulala.

Yide Lu, mtaa wenye maduka ya vitu vya watoto, nilishauzunguka. Niliuzunguka hadi mwenye duka mmoja, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, akawa ananisogezea kiti kabla sijasalimia. Huku mwenye duka anaitwa laoban, bosi. Laoban wangu alijibu maswali yangu yote. Plastiki gani? Betri zinakaa muda gani? Ikianguka kwenye saruji je? Ikianguka kwenye mchanga? Mara ya mwisho niliposimama kuaga bila kununua, alinitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa asiyetaka kumeza dawa.

Nilikuwa karibu kununua. Kweli tena! Halafu juzi nikapita jengo la Tianxiu kumuona Kaka Hemedi, wakala wetu wa mizigo, mtu wa Dar. Ofisini kwake nikamkuta Mama Njeri wa Nairobi, anayechukua mabeseni na sahani za plastiki, amekaa juu ya katoni anakunywa chai. Nikasema tu, kwa kujisemea, kwamba nataka kununua bunduki.

"Ngoja kwanza," Mama Njeri akasema. "Umeenda maonyesho?"

"Maonyesho gani?"

"Wee! Ya vitu vya watoto, si imeanza jana? Kuna ukumbi mzima wa bunduki pekee. Huko unaongea na mwenye kiwanda, macho kwa macho. Kwa duka unalipa kiwanda, unalipa lori, unalipa dalali, unalipa hadi feni ya mwenye duka."

"Usimpoteze mtoto wa watu," Kaka Hemedi akadakia bila kuinua kichwa. "Maonyesho ni ghali. Zile taa unadhani nani anazilipia? Lile zulia? Dada'ngu, nenda Yide Lu, nunua, niletee mzigo. Mimi nafunga kontena."

"Hemedi, wewe ulinunua nini mwisho? Si ni maji ya chupa?"

"Na niliyapata kwa bei nzuri."

Wakaendelea hivyo, wakisahau kwamba nipo. Mimi nikatoka na mbegu ya shaka. Jana usiku ikaota, ikatoa majani, ikazaa. Je, nikinunua Yide Lu halafu nisikie maonyesho yalikuwa nusu bei? Je, nikienda maonyesho nikachelewa, laoban akamuuzia mwingine? Je, kama wote wawili wamekosea? Je, kama wote wawili wamepatia? (Hili la mwisho ndilo lililonikalisha kitandani.)

Asubuhi Mamdogo alinikuta nimeshavaa, nimekaa ukingoni mwa kitanda, naangalia ukuta.

"Unakwenda wapi?"

"Maonyesho. Nikalinganishe bei. Halafu Yide Lu. Nitawahi."

Akanitazama kuanzia kichwani. Alipofika miguuni akaguna.

"Na ndara hizo? Ukivaa ndara watakupa bei ya ndara." Akafungua sanduku, akatoa viatu vyake vyeusi vyenye kifungo cha dhahabu, vile alivyovaa kwenye harusi ya binamu yangu Salma. "Chukua. Na uvirudishe."

Vilikuwa vikubwa kidogo. Akanirushia soksi nene kutoka kwenye sampuli zake za Shahe ili vijae. Soksi za watoto wakubwa, za waridi, zenye sura ya sungura juu ya vidole na masikio mawili yanayosimama. Nikasema moyoni, zitakuwa ndani ya viatu, nani ataziona?

(Sentensi hiyo isomeni tena taratibu.)

Njiani, ndani ya basi, nikaanza kuvifikiria vile viatu. Nikionekana nina uwezo, si watanipandishia bei? Nikionekana sina, si hawatanikaribisha? Nilishuka kituo kimoja mbele kwa sababu ya mawazo hayo, nikarudi kwa miguu.

Mlangoni wakanivisha beji shingoni, ya mnunuzi. Nikaingia.

Jamani. Sijawahi kuona kitu kama kile. Ukumbi mkubwa kama uwanja wa mpira, na kila banda ni bunduki. Bunduki za maji zenye tangi la kubeba mgongoni. Bastola za fataki. Bunduki za kutoa mapovu ya sabuni. Bunduki zinazowaka taa nyekundu na kusema maneno. Bunduki ndogo ya kuning'iniza kwenye ufunguo na bunduki ndefu kunishinda mimi. Watu wazima waliovaa tai wanalengana kwa makini, wanatikisa vichwa, wanaandika. Hakuna anayecheka. Nilisahau hofu yangu yote. Nilikuwa nataka kujua kila kitu: hii inaliaje, ile inafunguka wapi, nani alikaa akafikiria kwamba bastola inahitaji filimbi kwenye mpini?

Nikazunguka mpaka nikafika banda moja la pembeni. Hili halikuwa kama mengine. Mengine yalikuwa na meza na viti vya plastiki. Hili lilikuwa limeinuliwa, unapanda ngazi moja, na chini limetandikwa zulia la rangi ya maziwa. Zulia nene. Juu yake makochi, meza fupi, sinia la chai na bakuli la pipi. Ukutani bunduki zimepangwa safu kwa safu kama picha za ukoo.

Nikasimama pale ngazini. Mbele yangu, wapendwa, palikuwa na sebule ya mtu.

Nikafikiria. Nikipanda na viatu juu ya zulia lile, nitaonekana sikulelewa. Nikivua, je, kama hawavui? Nikachungulia nitafute ushahidi. Ukapatikana! Chini ya meza, viatu vya kisigino kirefu vya yule msichana aliyekuwa anahudumia, vimelala ubavu, na yeye amekaa kwenye kochi miguu mitupu.

(Baadaye nilikuja kuelewa kwamba vilikuwa vinambana tu. Alikuwa amesimama tangu maonyesho yaanze.)

Nikavua. Nikavipanga vizuri, ncha zikitazama nje, kama tulivyofundishwa. Nikapanda na sungura wangu wawili.

Yule msichana, jina lake Lin, aliziona soksi zangu, akaona viatu vyangu chini, akatazama miguu yake mitupu. Nikaona kitu kinapita usoni mwake. Akavitoa vile viatu vyake chini ya meza, akashuka, akaviweka kando ya vyangu. Akanikaribisha kochini kwa mikono miwili.

Nikafurahi! Nikasema, naam, nimepatia.

Akamimina chai. Nikaanza maswali yangu kwa Kiingereza, naye akajibu kwa Kiingereza na kalkuleta. Hii plastiki ni ipi? Hii inalia kwa sauti gani? Akaniachia nizijaribu moja moja. Akanionyesha hata kitufe chekundu ukutani, kando ya ngazi, kikubwa kama kikombe cha kahawa. Ukikibonyeza, alisema, bunduki zote za ukutani zinalia pamoja. Wanakibonyeza saa za wageni wengi, kuita watu.

Kisha akaja mwenye kiwanda, mzee mwenye tai ya kijani. Alikuwa amepanda ngazi tayari alipogeuka akaona viatu chini. Akamtazama Lin. Lin akanitazama mimi. Mzee akatabasamu kwa adabu, akashuka kinyumenyume, akavua.

Wakaja wanunuzi wawili wenye mabegi ya ngozi. Wakaona jozi tatu chini, mwenye banda hana viatu. Wakavua. Wakaja wanawake wawili na kamera. Wakavua. Akaja kijana mmoja aliyekuwa anapita tu, nadhani, akavua kwanza ndipo akauliza hapa kuna nini. Waliosema ukienda kwa wenye chongo nawe fumba jicho hawakuwahi kusema wenye chongo wafanye nini mgeni akija amefumba. Mlango wa banda ukawa kama mlango wa msikiti siku ya Ijumaa, na banda la jirani watu wamesimama wanatuangalia kwa wivu, wakidhani hiyo ni mbinu mpya ya biashara.

Mimi sikujua kwamba nimeanzisha mimi. Nilikuwa kwenye bei.

Kwa sababu bei, jamani! Lin alinigeuzia kalkuleta, nikadhani amesahau tarakimu. Nikamwomba arudie. Ikatoka vilevile. Bunduki ileile, mlio uleule, taa zilezile: ilikuwa chini ya nusu ya bei ya laoban wangu wa Yide Lu. Mama Njeri alikuwa amesema kweli! Nikaanza kuona kona yangu ya kontena imejaa mara mbili. Nikamwona Mamdogo ananiita mshirika. Nikamwonea huruma laoban na kiti chake.

Nikauliza kila swali nililoandaa. Sauti, rangi, boksi, betri. Chai ya pili ikaisha. Nikasema, sawa, nataka katoni kadhaa za hii, kadhaa za ile, na ile ya mapovu, na gari la mzigo linaondoka saa ngapi?

Lin akamtazama mzee. Mzee akamtazama Lin.

"Katoni?" Lin akasema.

"Ndiyo. Katoni."

Akaeleza taratibu, kwa upole, kama mtu anayetoa habari za msiba. Bei hii ni ya kontena zima. Kontena zima la bunduki moja, aina moja. Na hizi hapa ni sampuli. Ukishaagiza ndipo kiwanda kinaanza kutengeneza. Mwezi na nusu.

"Na betri?"

Betri hazimo.

"Na boksi?"

Boksi ni bei nyingine.

Halafu, badala ya kulia, udadisi ukanishika. Nikamuuliza nani basi anayenunua kontena zima la bunduki moja? Akasema maduka makubwa ya ng'ambo, yenye matawi miji mingi. Kila tawi linachukua chache. Watoto wenyewe hawakutani.

Watoto hawakutani! Nikakaa na neno hilo. Watoto wetu wanakutana. Wote, siku moja, uwanja mmoja. Wachuuzi wao wametandika majamvi bega kwa bega, na kila mchuuzi anayekuja Kariakoo anataka kitu ambacho jirani yake hana. Ukiwapa wote bunduki moja, watabaki kushindana kushusha bei mpaka jioni, na mwakani hawatarudi kwako. Hata ningepewa hapohapo kontena zima kwa bei ile, kwetu pale ni hasara. Bei ni nzuri kweli. Ila si yangu.

Lakini sasa nitaondokaje? Nimekunywa chai ya watu. Nimekula pipi. Nimefyatua bunduki zao zote. Nikiondoka ghafla nitawavunjia heshima. Nikiendelea kukaa nitawadanganya. Na Kaka Hemedi anafunga jioni. Nilitunga hotuba ya kuaga kichwani, nikaifuta, nikaitunga upya. Hatimaye nikasimama, nikainama kidogo, nikasema nitafikiria. (Neno pekee la kweli nililosema siku nzima.)

Nikashuka ngazi kuchukua viatu.

Hakuna viatu.

Si vyangu tu. Hakuna kiatu hata kimoja. Sakafu tupu, inang'aa. Viatu vya Mamdogo! Nikageuka huku na huku, masikio ya sungura yakigeuka nami.

Kumbe mlinzi wa ukumbi alikuwa amepita akakuta viatu vimeziba njia. Akapuliza filimbi (niliisikia, nikadhani ni bastola), akataka viondolewe mara moja. Lin, msichana wa watu, hakutaka kuvirundika viatu vya wageni kama taka. Mbele ya banda kulikuwa na rafu ya kioo iliyobaki wazi. Akavipanga pale, jozi kwa jozi, chini ya taa kali, katikati ya bunduki. Na vya Mamdogo, kwa sababu ya kile kifungo cha dhahabu, akaviweka juu kabisa.

Na mbele ya rafu alikuwa amesimama bwana mmoja mfupi mwenye sharubu, sikujua ametoka nchi gani, ameshika kiatu cha Mamdogo cha kulia. Anakikunja. Anakigonga soli. Anakinusa.

"Samahani," nikamwambia kwa Kiingereza. "Hicho ni changu."

Akafurahi sana. Akaisoma beji yangu, akaona haimhusu, akaiacha.

"Vizuri! Chako. Bei gani?"

"Hapana. Ni changu. Nakivaa."

"Ndiyo, ndiyo, kinavalika. Nimeona. Kontena moja, bei gani?"

"Hakiuzwi!"

"Kila kitu hapa kinauzwa," akasema, na kwa kweli pale alikuwa na hoja. "Kwa uchache unauza ngapi?"

Na mimi, jamani, mimi niliyetoka kuulizwa kontena zima la bunduki, akili yangu iliyochoka ikajibu yenyewe:

"Jozi moja."

Sharubu zikacheka. Akatoa kalkuleta yake.

Hapo nikakishika kiatu. Naye hakukiachia. Nikavuta. Akavuta, kwa tabasamu, akidhani ndivyo tunavyopatana bei kwetu. Watu wakaanza kusimama. Wale wanawake wenye kamera wakainua kamera. Nikavuta kwa nguvu zote, kikachomoka, nikarudi kinyumenyume, nikajikwaa kwenye ile ngazi, nikaangukia ndani ya banda, na mgongo wangu ukatua juu ya kile kitufe chekundu.

Sijui niwaambieje. Ukuta mzima ulilia. Tatatata, wiuwiuwiu, piu piu, na moja ikawa inasema kwa Kiingereza "tupa silaha, tupa silaha" bila kupumua. Taa nyekundu zinawaka na kuzima. Ukumbi wote ukageuka. Na mimi, msomi, mwenye shahada, niliyefyatua bunduki zilezile robo saa iliyopita na kujua kila moja inatumia betri za namna gani, nikainua mikono juu.

Yote miwili. Kiatu kimoja hewani. Sungura wawili wakitazama umati.

Nikabaki hivyo. Sikujua nishushe lini. Nilifikiria, nikishusha haraka nitaonekana nimeona aibu; nikichelewa nitaonekana sijaelewa. Filimbi ya mlinzi ikaja inakaribia. Kamera zinabofya.

Halafu nikasikia sauti ninayoijua.

"Wee! Huyu si ni wetu? Msichana wa Zuhura! Shusha mikono, hakuna mtu anakushika!"

Mama Njeri. Kati ya watu wote wa Guangzhou. Akapenya umati na mfuko wake wa sampuli za mabeseni, akapanda kwenye zulia na viatu vyake vya matope bila wasiwasi wowote, akabonyeza kitufe. Kimya. Akamgeukia mwenye sharubu ambaye sasa ameshika kiatu cha kushoto.

"Boss, lete hapa. Hii ni kiatu ya mtu. Hata bado iko na joto."

Akakirudisha. Kwa masikitiko. Akampa kadi yake.

Watu wote wakaanza kutafuta viatu vyao kwa mpigo. Mzee mwenye tai ya kijani alikuwa anafuta machozi ya kicheko, na alipata wateja wengi kuliko banda lolote, kwa hiyo nadhani hatuna ugomvi. Lin aliinama kunisaidia kufunga kifungo. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama kweli kwetu ndivyo tunavyoingia madukani. Nikamwambia hapana, majumbani. Akafikiria kidogo, akasema banda lake halijawahi kuitwa nyumba. Nikamshukuru kwa chai.

Nje, kwenye ngazi, Mama Njeri alicheka mpaka akakaa. Alipopata pumzi akauliza:

"Na bei je? Ilikuwa poa?"

"Chini ya nusu."

"Si nilikuambia!"

"Kwa kontena zima. La bunduki moja. Baada ya mwezi na nusu. Bila betri."

Akaanza kupanga upya mabeseni yake mfukoni.

"Hiyo part sikukuambia," akasema.

"Na Kaka Hemedi alisema ni ghali."

"Hemedi hajui kitu."

"Wote hamjui kitu, Mama," nikamwambia. Jamani, nilijishangaa. Mimi ninayeomba radhi hata kwa milango! "Ni rahisi, lakini haituhusu. Naenda Yide Lu."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Hutaki kufikiria kwanza?"

Nilishakuwa ndani ya teksi.

Laoban wangu aliponiona mlangoni, alinyoosha mkono kuchukua kiti. Nikamwambia kwa ishara, leo sikai. Nikaanza kunyoosha kidole. Katoni nne za bastola ya fataki. Tatu za ile ndefu yenye taa. Mbili za mapovu, kwa watoto wa kike ambao mama zao hawataki fujo (na moja zaidi kwa wale ambao mama zao hawajui). Za maji, za kijani na za rangi ya chungwa mchanganyiko. Moja tu ya ile yenye filimbi kwenye mpini, kwa sababu sijui kama itauzika, nataka kujua. Alipandisha miwani yake juu ya paji la uso, akanitazama, akaivaa tena, akaanza kuwaita vijana wa kupakia. Sikuuliza swali hata moja. Nilijaribu kubana bei kidogo, akasema bu xing, haiwezekani, nikasema sawa, haiwezekani, tupakie. Nadhani alikuwa na wasiwasi kwamba naumwa.

Nilifika kwa Kaka Hemedi na kigari cha mizigo kinachosukumwa na mtu mmoja, mimi nyuma nashikilia katoni isidondoke. Alikuwa amesimama mlangoni mwa kontena, nyuma ya jengo, ameshika kufuli.

"Umechelewa, dada'ngu."

"Sijachelewa. Kufuli liko mkononi mwako."

Akaziangalia katoni, akaniangalia mimi, mabega yakaanza kumtingishika. Nikajua habari imeshafika. Hata saa mbili hazijapita!

"Mamdogo amesikia?" nikauliza.

"Nani hajasikia? Mtu wa Mombasa ghorofa ya juu alishuka kuniuliza kama ni kweli polisi walikuja na farasi."

Mamdogo alikuwa ndani ofisini, amekaa karibu na feni, anasubiri. Nikavua viatu vyake, nikamkabidhi. Hakuvitazama. Alifungua katoni ya kwanza, akatoa bastola ya fataki, akaipindua, akaijaribu. Akafungua ya pili, tofauti. Ya tatu, tofauti. Alifungua mpaka ya mwisho, Kaka Hemedi akilalamika kwamba gundi ya kufungia inaisha.

"Kwa nini hukuchukua aina moja ukapunguziwa?" akauliza.

Nikamwambia habari ya watoto wanaokutana na wasiokutana, na wachuuzi na majamvi yao. Nilisema yote kwa pumzi moja, nikasubiri. Akarudisha bastola ndani ya katoni.

"Hemedi," akasema, "andika katoni hizi kwa jina lake. Si langu."

Hivyo ndivyo, wapendwa. Zimepakiwa. Kufuli limefungwa, nimelivuta mwenyewe kuhakikisha (sawa, mara kadhaa). Nikianza kujiuliza usiku huu kama nilikosea, meli haitanisubiri nimalize, na hilo ndilo jambo zuri kuliko yote kuhusu meli.

Kwa hiyo mtu akiwauliza kama bunduki ni nafuu kwenye maonyesho, mwambieni ni nafuu sana, ila avae soksi za heshima. Na ninyi mkinijibu, nawaomba sana, chekeni kwa herufi ndogo. Kibanda hiki kimejaa watu na kijana wa kompyuta ya jirani ameshaanza kunitazama kama aliyekuwepo.